Siku Hidaya Alipokataa Moto Uzimwe

Hidaya binti Shemhilu alizaliwa Malindi, si ile ya pwani bali ya huko juu Usambara ambako kanga iliyoanikwa Jumatatu ya mwezi wa saba huvaliwa Alhamisi. Baba yake ndiye aliyekuwa akigawa maji ya mfereji kwa wakulima wa bonde lao. Leo zamu ya fulani, kesho ya fulani, na atakayefungulia maji siku isiyo yake atakutana na mdomo wa mzee Shemhilu, mdomo ambao watu waliuogopa kuliko fimbo. Mzee hakupata mtoto wa kiume mpaka Hidaya alipofika miaka kumi na mmoja, kwa hiyo aliyembebea jembe ni Hidaya. Alfajiri baba mbele, binti nyuma, wakiyafuata maji. Hapa tope limeziba, pale fuko ametoboa ukingo. Ndiyo maana Hidaya aliyajua maji kabla hajajua herufi. Alijua kwamba hayana haraka wala hayana huruma. Yakipata upenyo wa kidole yatapita, yakipita yatashuka, na yakishaanza kushuka hayakomi mpaka yafike pa chini kabisa.

Shuleni alikomea darasa la saba. Akaolewa na Ismaili, mtu mpole wa kabichi na karoti, wakajaaliwa watoto wanne. Mwaka ambao Abuu, kifungua mimba wao, alianza sekondari, Hidaya naye alipata kazi ya upishi katika Shule ya Wasichana ya Kwemtindi, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini Lushoto. Alianza kwa kupepeta mchele na kuchambua maharage. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa mpishi mkuu, mama wa wasichana mia tatu themanini na sita. Alimjua asiyekula dagaa, akamjua anayelilia ukoko, akamjua pia anayesema anaumwa tumbo kila Jumatatu yenye mtihani wa Hisabati.

Miaka karibu yote hiyo walipikia kuni. Moshi ulimfanya Hidaya awe na macho mekundu hata watu wa misibani wakadhani yeye ndiye aliyelia kuliko wote. Kisha ikaja gesi. Nyuma ya jiko pakajengwa kibanda cha matofali chenye wavu mbele, wakapanga humo mitungi sita mikubwa, kila mmoja unamfika mtu kiunoni na zaidi. Mabomba yakapenya ukutani hadi kwenye majiko. Ukizungusha kitasa na kuwasha, moto wa buluu unakuja, bila moshi, bila kupuliza. Secilia, mpishi mwenzake aliyekuwa bado kijana, alicheza ngoma siku ya kwanza. Hidaya hakucheza. Alikitazama kile kibanda kama unavyomtazama mkwe mpya ambaye bado hujajua tabia yake.

Kabla ya kuanza kukitumia, shule ilimwita mtu wa Zimamoto kutoka mjini aje kuwafundisha. Alikuja Sajini Zuberi, mrefu, sauti ya chini, anayesalimia kila mtu kwa zamu. Walimu walikaa mbele, wapishi na walinzi nyuma. Sajini alieleza kwamba ndani ya mtungi gesi imekandamizwa mpaka ikawa kama maji, na tone moja likitoka linafumuka kuwa gesi nyingi. Watu wakaandika. Ndipo Hidaya akanyoosha mkono.

"Afande, samahani. Hiyo gesi ikivuja, inakwenda wapi? Inapaa kama moshi?"

"Haipai, mama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Inatambaa chini, inatafuta pa kushukia, inajaa kwenye mitaro na mashimo."

"Kumbe ni mazi hayo," alisema Hidaya kwa Kishambaa, yaani maji, na ukumbi mzima ukacheka.

Sajini hakucheka. "Mama huyu ameelewa," alisema. "Wengine andikeni alivyosema."

Kisha akawatoa nje, akawasha mtungi mdogo ukawaka mdomoni. Akawauliza: mngefanya nini? Karibu wote walisema wangeuzima. Sajini akatikisa kichwa. "Kama huwezi kufunga koki, usiuzime. Moto mnauona, mnajua uko wapi. Mkiuzima na gesi inaendelea kutoka, itatembea msikoiona, ikakutane na moto mwingine ikiwa nyingi. Funga kwanza. Ukishafunga, moto utakufa wenyewe kwa kukosa chakula."

Jioni ile Hidaya hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alichota ndoo ya maji akaimwaga mlangoni pa kibanda cha mitungi, akaifuata. Maji yaliingia kwenye mtaro wa saruji, yakapita chini ya ngazi za jiko, yakapita kando ya darasa la Kidato cha Pili, yakateremka mpaka kwenye banda la bondeni. Katika banda hilo, juu ya mafiga, mzee Tobia alikuwa akichemsha maji ya kuoga ya wasichana kwa kuni kama alivyofanya miaka yote, kwa sababu gesi ilikuwa ya chakula tu. Hidaya alisimama pale, miguu imelowa, akiangalia mkondo wake mdogo ukifika kwenye majivu ya Tobia na kutoa mvuke.

Kesho yake alimweleza mkuu wa shule, Mwalimu Rahabu, mama wa Tanga mjini, mkali lakini msikivu. Mwalimu Rahabu aliandika. Akasema banda litahamishwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Ulikuwa mwezi wa sita.

Ikafika Alhamisi moja ya Julai. Ukungu ulikuwa umelala bondeni tangu asubuhi na haukuonyesha dalili ya kuamka. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Wasichana walikuwa madarasani, sweta juu ya sweta. Ilikuwa saa nne kasorobo. Uji umeshanywewa, maharage yako jikoni, na Secilia anakatakata kabichi huku akisimulia habari za harusi ya binamu yake.

Hidaya aliinama kutazama chini ya sufuria ya maharage. Moto ulikuwa umelegea. Ule ulimi wa buluu ulikuwa mfupi, unatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Secilia, nani kabadilisha mtungi?"

"Hakuna, Mama Abuu. Tumebadilisha juzi tu."

Mtungi wa juzi hauwezi kwisha leo. Hidaya alifuta mikono akatoka kwa mlango wa nyuma, na kabla hajafika kwenye kibanda harufu ikampiga, ile harufu ya kitunguu kilichooza ambayo Sajini aliwanusisha. Akasikia pia sauti. Sssss, nyembamba, kama ya nyoka anayeonya. Kwenye mtungi wa pili kutoka mwisho, pale mpira unapoungana na bomba, palikuwa panatoka ukungu mweupe. Haukuwa ukungu wa Usambara. Huu ulimwagika kutoka kwenye mpira, ukaanguka sakafuni, ukatambaa.

Aligeuka akapaza sauti bila kukimbia: "Secilia! Funga majiko yote! Usiguse swichi yoyote, si ya taa, si ya nini! Toka mlango wa juu, nenda kwa Mkuu, mwambie kengele isipigwe! Waambiwe kwa mdomo, wote wapande uwanjani!"

Kengele ya Kwemtindi ilikuwa ya umeme, na swichi yake ilikuwa ukutani nje ya ofisi, juu kidogo ya mtaro.

Kisha akafanya jambo ambalo baadaye aliambiwa hakupaswa kulifanya. Aliingia kibandani. Alifunga koki za mitungi mitano, moja baada ya nyingine, mkono wake ukienda haraka kuliko mawazo. Ya sita, ile ya mtungi unaovuja, ilikuwa imeganda barafu. Aliishika. Baridi ilimchoma vidole kama kaa la moto. Alijaribu kuizungusha, ikagoma. Akatazama chini, akaona ukungu umemfika kwenye vifundo vya miguu, na nyuma yake ulikuwa umeshaingia mtaroni, unashuka taratibu, hauna haraka wala huruma.

"Tobia," alisema peke yake.

Zilikuwepo njia mbili za kufika bandani. Ile fupi ni kushuka ngazi kandokando ya mtaro, hatua themanini. Ile ndefu inapanda kwenye bustani ya karoti, inazunguka matangi ya maji, inashuka upande wa pili wa bonde. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaielekea ngazi. Akausimamisha. Akipita pale atakuwa anatembea ndani ya kitu kile kile anachokikimbia. Akakunja kanga, akashika njia ya bustani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye hakuwa amekimbia tangu ujana. Aliteleza kwenye tuta, akaanguka kwa magoti, akainuka na tope hadi mapajani. Matangi akayapita. Alipofika ukingoni upande wa pili alimwona Tobia chini, amechuchumaa mbele ya mafiga, anasukuma gogo ndani.

"Tobia! Mzee Tobia! Toka hapo!"

Tobia alikuwa na miaka sitini na saba na masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Hakugeuka. Hidaya akavua kandambili, akalenga, akairusha kwa nguvu zake zote. Ikampata mgongoni. Mzee akainuka kwa hasira, akageuka akitafuta mtoto mtundu wa kumkanya, akamwona mpishi mkuu amesimama ukingoni na mguu mmoja pekupeku, anapunga mikono yote miwili kama anayefukuza ngedere shambani.

"Gesi! Gesi inakuja! Panda huku!"

Sasa alisikia. Akainama kuchukua ndoo ili aumwagie moto maji.

"Acha! Acha huo moto, njoo!"

Aliiacha ndoo. Alipanda ule ukingo kwa mikono na miguu, na Hidaya akamdaka kifundo cha mkono akamvuta. Walitembea hatua ishirini, labda thelathini, kuelekea juu. Tobia alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo aulize vizuri kuna nini, mara nyuma yao pakalia bufu! kama mtu aliyekung'uta godoro kubwa kwa kishindo kimoja. Paa la banda liliinuka na kuanguka. Moto wa buluu ukaingia mtaroni ukapanda mlima, ndiyo, ulipanda, ukifuata njia ile ile ya maji lakini kinyumenyume, ukapita kando ya darasa la Kidato cha Pili, ukapita chini ya ngazi, na kwa kufumba na kufumbua ukawa umefika kule gesi ilikotoka. Pale kwenye mpira uliotoboka ukasimama, ukaanza kunguruma.

Tobia alikaa kitako kwenye nyasi. "Yesu wangu," alisema. "Yesu wangu, Hidaya."

"Simama, mzee wangu. Twende uwanjani."

Huko juu uwanjani Secilia alikuwa ameifanya kazi yake. Darasa la Kidato cha Pili, lililopakana na mtaro, lilikuwa tupu dakika mbili kabla ya moto kupita. Madirisha mawili yalikuwa yamepasuka na ukuta umeungua rangi, lakini ndani palikuwa na madaftari tu. Mwalimu Rahabu alisimama katikati ya wasichana, simu sikioni, akizungumza na Zimamoto. Wasichana wengine walilia, wengine walishikana mikono, wengine walitaka kujua kama mtihani wa majaribio umefutwa.

Mwalimu Yohane, wa michezo, hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa kijana shujaa kweli, na ushujaa ukikosa maarifa ni hatari yenye miguu. Alikuwa ameshapata mtungi mwekundu wa kuzimia moto na blanketi lililoloweshwa, na alikuwa anateremka kuelekea kibandani. Hidaya, anayehema kama mvukuto, akakatiza mbele yake.

"Mwalimu, usiuzime."

"Nini?"

"Usiuzime huo moto. Koki haijafungwa. Imeganda."

"Mama Abuu, tafadhali. Hii si habari ya maharage. Tuachie sisi."

Hidaya hakusogea. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfika Mwalimu Yohane kifuani, lakini alisimama kama nguzo.

"Ukiuzima, ile gesi haikomi. Itatoka vilevile, ila hatutaiona. Itashuka tena mpaka bandani kwa Tobia ambako makaa bado yanawaka, na hapo sijui kama itaishia bandani. Sasa hivi inaungua tunapoiona. Iache iungue."

"Na mitungi mingine ikipata moto? Ikilipuka yote sita?"

Swali hilo lilikuwa la haki. "Nimeifunga mitano," alisema. "Inataka kupozwa, si kuzimwa."

Wote wawili wakamtazama Mwalimu Rahabu. Mkuu wa shule alikuwa amelisikia kila neno, na simu bado ilikuwa hewani. Aliiweka kwenye spika.

"Afande, rudia ulivyoniambia."

Sauti ya Sajini Zuberi ilitoka ikichanganyika na mngurumo wa injini. "Msizime! Msizime chochote! Tuko njiani, tumeshaondoka mjini. Kama kuna maji yanayoweza kuifikia mitungi kwa mbali, yafungulieni, lakini mtu asikae karibu. Mkisikia mlio umebadilika ukawa mkali kama filimbi, acheni kila kitu mkimbie."

Mwalimu Yohane aliweka blanketi chini. Alikuwa na aibu, lakini aliimeza upesi. "Haya, mama. Maji tunayafikishaje?"

Hidaya aliangalia mlima. Juu ya kibanda palikuwa na tuta refu la udongo, na juu ya tuta ndiyo ile bustani ya karoti aliyokuwa ameikanyagakanyaga, na bustanini kulikuwa na mashine ya kunyunyizia, kile kichwa cha chuma kinachozunguka na kutema maji, kimeunganishwa na mpira unaotoka kwenye matangi. Hakikuhitaji umeme. Mteremko wa mlima ulitosha kuyasukuma maji.

"Ile," alisema, akanyoosha kidole.

Waliitoa bustanini wawili, wakainama nyuma ya tuta ili joto lisiwafikie usoni, wakaisimika ukingoni, miguu yake wakaikandamiza kwa mawe. Kisha wakapanda mpaka kwenye matangi, mbali, na ndipo Hidaya akafungulia. Maji yalikohoa mara mbili mpirani, yakafika. Kile kichwa kikaanza kuzunguka, chi-chi-chi-chi, na mvua ndogo ikaanza kunyesha juu ya mitungi sita ya gesi. Mvuke ukafuka. Moto haukujali, uliendelea kunguruma ukiulamba ukuta, lakini rangi ya mitungi mingine, iliyokuwa imeanza kubabuka, ikatulia.

"Mama Abuu," alisema Mwalimu Yohane, mgongo ameuegemeza kwenye tangi, "kazi hii ulijifunzia wapi?"

"Kumwagilia? Tangu nina miaka saba."

Waliporudi uwanjani walikuta jambo baya zaidi. Mwalimu Rahabu alikuwa anaita majina. Kidato cha Kwanza wote wapo. Cha Tatu wote. Cha Nne wote. Cha Pili, mmoja hayupo.

"Hawa. Hawa Idd. Nani amemwona Hawa?"

Hawa alitoka kijiji cha Mnazi, kule chini tambarare ambako watu hulala nje kwa joto. Tangu aje shuleni alikuwa hajawahi kuacha kutetemeka, na kila aliyemfahamu alijua kwamba akipata nafasi hutoroka darasani kwenda kuota moto kwa babu Tobia.

Macho yote yakamgeukia Tobia. Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Alikuja," alisema. "Asubuhi alikuja. Nikamwambia rudi darasani. Akaondoka. Nafikiri aliondoka. Mimi nilikuwa napasua kuni nyuma, sikutazama..."

Hidaya aliiona tena ile picha: banda, mafiga, Tobia amechuchumaa. Je, kulikuwa na mtu mwingine ndani, kwenye kona ya nyuma, ambako magogo yamepangwa? Alikuwa ametazama moto na mzee tu. Kandambili alikuwa nayo moja, sauti alikuwa nayo moja, na vyote alivitumia kwa Tobia. Alitaka kushuka, na safari hii ni Mwalimu Yohane aliyemshika mkono.

"Huendi, mama. Huko bado hakujapimwa."

"Ni mtoto."

"Najua. Huendi."

Wasichana wawili wa Kidato cha Pili walikuwa wakinong'onezana. Mmoja akasukumwa mbele. "Madam," alisema, "jana Hawa alisema... alisema leo hataki kwenda darasani kwa sababu ya baridi. Alisema atalala."

Mabweni yalikuwa upande wa juu, mbali na mtaro. Secilia hakusubiri kutumwa. Aliondoka mbio, sketi ameishika, na watu mia nne wakabaki wakiutazama mlango wa bweni la pili bila kupepesa. Hidaya alisoma dua zote alizozijua, akafika mwisho, akaanza upya.

Mlango ukafunguka. Secilia akatoka, na nyuma yake kitu kama furushi la mablanketi matatu lenye miguu. Kutoka kwenye lile furushi kichwa kikachomoza, nywele zimelalia upande mmoja, macho yamejaa usingizi.

"Kwani kuna nini?" aliuliza Hawa.

Kelele iliyopanda pale uwanjani ilisikika mpaka barabarani. Wasichana walimvamia, wakamkumbatia, wakampiga vibao vya mapenzi. Mwalimu Rahabu, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona machozi yake, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Tobia alisujudu pale pale nyasini. Hidaya alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na ndani ya kicheko akagundua kwamba analia.

Gari jekundu lilifika likipiga king'ora, limepanda kona zote zile kwa muda usiotimia nusu saa. Askari waliteremka kila mmoja akijua aendako. Wawili walitandaza mipira, wakafungulia maji kwa upana kama mwavuli, na nyuma ya mwavuli huo Sajini Zuberi akasogea hatua kwa hatua, glavu nene mikononi, uso umefunikwa kioo. Kutoka uwanjani walimwona anaingia kibandani. Walihesabu kimoyomoyo. Moto ukafupika, ukawa ulimi, ukawa ukucha, ukatoweka. Haukuzimwa. Ulikosa chakula. Mngurumo ulipokoma, sikio la kila mtu lilibaki na kimya cha ajabu, na ndani ya kimya hicho mashine ya kunyunyizia ilikuwa bado inazunguka, chi-chi-chi-chi.

Sajini na wenzake waliupita mtaro wote na kifaa cha kupimia gesi, mpaka bandani, wakayamwagia makaa ya Tobia maji hadi yakawa tope. Baada ya saa nzima alipanda uwanjani ameshika kipande cha mpira mweusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tazama." Palikuwa na alama ndogondogo za meno, mbilimbili. "Panya. Baridi hii wanatafuta pa kujificha, wanatafuna kila kitu." Kisha akaiona mikono ya Hidaya. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa. Aliishika mikono hiyo akaigeuza polepole. "Uliingia?"

"Niliingia. Mitano nilifunga."

"Ile mitano ndiyo iliyotuokoa, siwezi kusema uongo. Lakini mama, ukungu ukishatambaa sakafuni, usiingie tena. Hata kama ni mtungi mmoja umebaki. Gesi hii ikitoka inaunguza kwa baridi, na cheche moja tu tungekuwa tunazungumza mengine hapa."

"Nimekosa, Afande."

"Hujakosa. Umenisikia tu." Akamwita mwenzake alete maji ya vuguvugu na bandeji. Wakati anamfunga vidole alisema, kama anayezungumza na bandeji: "Nimefundisha watu wengi. Wengi huandika vizuri."

Hidaya alikaa kwenye nyasi zenye umande, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, tope limemkaukia magotini, na akashusha pumzi ndefu ambayo alihisi ameibeba tangu asubuhi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, ukungu wa kweli, wa kwao. Chini yake mashamba yalionekana vipande vipande, kabichi, viazi, maharage, kila kitu mahali pake.

"Mama," wasichana walimjia, watatu wanne hivi, na mmoja akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana hana adabu, "leo tutakula?"

Maharage yalikuwa jikoni, hayajaiva, na jiko lilikuwa limefungwa mpaka litakapokaguliwa. Kwa miaka kumi na tisa Hidaya hakuwahi kukosa jibu la swali hilo. Alikuwa anafungua mdomo kujibu alipoona watu wanapanda njia ya kijijini. Wanawake mbele, wanaume nyuma. Walikuwa wameusikia mshindo, wakauona moshi, wakasikia pia kwamba hakuna aliyekufa, na kwa kuwa hawakujua waje na nini, walikuja na chakula. Viazi vya kuchemsha kwenye masufuria, ndizi, makande ya jana yaliyopashwa moto, chai kwenye madumu. Ismaili naye alikuwemo, ameletwa na pikipiki kutoka Malindi, ameshika karoti mbichi fungu zima kana kwamba ndicho kitu cha kwanza alichokutana nacho mlangoni.

Alimtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni, akavua ndara zake mwenyewe, akamvisha.

"Hongea, mke wangu," alisema hatimaye kwa Kishambaa, kama anayetoa hongera na shukrani kwa pamoja.

Walikula pale uwanjani, wasichana, walimu, askari wa Zimamoto, wanakijiji. Secilia alimletea Hidaya sahani ya makande na kijiko, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimefungwa, Hawa wa Mnazi, bado ndani ya blanketi, akakaa pembeni yake akamlisha. Makande yalikuwa na chumvi pungufu. Hidaya aliyala yote.

Mwezi uliofuata kibanda kilijengwa upya mbali na jiko, mipira ikafunikwa wavu wa chuma panya wasiifikie, na banda la kuchemshia maji likahamishiwa juu ya mlima bila kungoja likizo. Vidole viwili vya Hidaya vilipona kabisa. Cha tatu hakihisi joto vizuri mpaka leo, na yeye husema hilo ni jambo jema kwa mpishi. Sajini Zuberi alimwomba aende naye kwenye shule nyingine akazungumze na wapishi. Alikataa mara mbili kwa kuona haya, mara ya tatu akaenda, akagundua kwamba akianza kuzungumza hawezi kunyamaza. Huwa anachukua ndoo ya maji na kuimwaga mlangoni, kisha anawaambia: haya, tuifuate.

Anayelalamika ni Tobia peke yake. Kila asubuhi anapandisha kuni mlimani, na kila asubuhi, akipita mbele ya jiko, anasimama kupumzika na kumwambia Hidaya kwamba mtu wa umri wake hakuumbwa kupanda mlima huu, kwamba kule bondeni alikuwa mfalme, kwamba mgongo, kwamba magoti.

"Onga makeo, mzee Tobia," humjibu Hidaya, akimwamkia kwa Kishambaa huku anakoroga uji. "Chai iko tayari."

Na Tobia huketi, akanywa vikombe viwili, kisha akapanda.